Mwanamke wa Kwanza, Neno la Kwanza: Waandishi wa Habari Wanawake wa Kivu ya Kusini na Wasomaji wa Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Historia ya uandishi wa habari katika Afrika ya Mashariki na ya Kati imeandikwa kwa kawaida kama orodha ya magazeti. Kila gazeti hutajiwa mwaka wa kuzaliwa, taasisi iliyolianzisha, wahariri wake, na hatimaye mwaka wa kufa. Katika orodha hizo wanawake ni wachache, na wale wanaotajwa hupewa sifa moja ambayo hurudiwa kila mahali: huyu alikuwa wa kwanza. Sifa hiyo ni ya haki, lakini mhakiki hana budi kuuliza inapima kitu gani. Je, inapima cheo ambacho mwanamke amekishika, au inapima jambo ambalo limeweza kusemwa kwa sababu yeye alikuwapo?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutazama mkoa wa Kivu ya Kusini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hasa nafasi ya wasomaji na wasikilizaji wa Fizi na Baraka. Hoja inayotetewa ni kwamba utangulizi wa mwanamke katika uandishi wa habari unahitaji vipimo viwili vitumikavyo pamoja. Cha kwanza ni nafasi aliyoishika. Cha pili ni lugha aliyoiwezesha kubeba habari ambayo hapo kabla haikuwa na maneno ya kuibeba. Anayetumia kipimo cha kwanza peke yake huishia Bukavu, katika ofisi ya mhariri. Anayetumia cha pili hulazimika kuteremka mpaka mwambao wa Ziwa Tanganyika.

2.0 Chimbuko la gazeti la Kiswahili

Ili kuelewa uchache wa wanawake, inafaa kuanzia mbali kidogo. Gazeti la kwanza la Kiswahili, Msimulizi, lilianza kuchapwa mwaka 1888 katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja. Kiungani ilikuwa shule ya wavulana. Wasichana wa misheni hiyo hiyo walisomeshwa Mbweni. Hivyo gazeti la Kiswahili lilizaliwa katika bweni la wanaume. Kiongozi, lililoanza Tanga mwaka 1904 chini ya serikali ya Wajerumani, lilitegemea walimu na makarani waliotoka katika shule ya serikali, nao walikuwa wanaume. Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, liliendelea na njia hiyo. Upande wa Kongo, kampuni ya Union Minière ya Katanga ilianzisha Mwana Shaba mwaka 1957. Jina lenyewe lilimtaja msomaji aliyekusudiwa: mtoto wa shaba, yaani mfanyakazi wa mgodi.

Kuna kizuizi kingine ambacho wanahistoria hawakitilii maanani, nacho ni cha kisarufi. Kiswahili hakibainishi jinsia katika upatanisho wake. Mwandishi, mhariri, msomaji na mleta habari wote wamo katika ngeli ya kwanza, nao huchukua kiambishi kile kile wawe wanaume au wanawake. Mtafiti anayesoma magazeti ya zamani hawezi kumtambua mwanamke kwa sarufi. Humtambua tu iwapo jina limetanguliwa na bibi au binti. Pale barua ilipotiwa herufi za kwanza za jina, au habari ilipotajwa kuwa ya "mwandishi wetu", mwanamke aliyeiandika, kama alikuwapo, amekwisha kufichika. Lugha isiyobagua katika sarufi yake imewasaidia wasomaji wavivu kudhani kwamba kila mwandishi ni mwanamume.

Mabadiliko ya wazi yalitokea Tanzania mwaka 1987, pale Fatma Alloo na wenzake walipoanzisha Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA. Jarida lao liliitwa Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja ambaye sauti yake ilirekodiwa katika sahani za santuri Bombay mwaka 1928. Uteuzi wa jina hilo ulikuwa na maana kubwa. Wanahabari wale hawakujitafutia mzazi katika orodha ya wahariri, kwa kuwa huko hawakumwona. Walimtafuta katika sauti. Walikubali kwamba mtangulizi wa mwandishi mwanamke anaweza kuwa mtu aliyesikika kabla ya kusomwa. Mhakiki wa Kivu atalihitaji wazo hilo.

3.0 Solange Lusiku na kipimo cha cheo

Katika mashariki ya Kongo, jina linalotajwa kwanza ni la Solange Lusiku Nsimire, aliyezaliwa mwaka 1972 na kufariki Kinshasa mwezi wa Oktoba 2018. Baada ya kufanya kazi ya redio mjini Bukavu, mwaka 2007 alichukua uongozi wa gazeti Le Souverain, ambalo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1992, muda mfupi baada ya Rais Mobutu kuruhusu vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990 na vyombo vya habari kupata nafasi ya kupumua. Hakuna mwanamke aliyemtangulia katika kuongoza gazeti la kuchapwa katika eneo hilo. Gazeti lake lilisimamia demokrasia, haki za wanawake na uwajibikaji wa viongozi. Alitishwa, akalazimika kujificha, lakini akaendelea. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain nchini Ubelgiji kilimtunuku shahada ya udaktari wa heshima, na mwaka 2014 alipewa tuzo ya ujasiri ya shirika la kimataifa la wanahabari wanawake lenye makao yake Marekani.

Uzito wa kazi hiyo hauonekani vizuri bila kukumbuka mazingira yake. Mwezi wa Juni 2007 Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa kwa risasi mjini Bukavu. Mwezi wa Novemba 2008 mwenzake Didace Namujimbo aliuawa katika mji huo huo. Kuukubali uhariri wa gazeti katika mji huo, katika kipindi cha vifo hivyo viwili, kulikuwa ni uamuzi ambao wanaume wengi wasingeufanya.

Hata hivyo sifa haitakiwi kuziba njia ya uhakiki. Le Souverain lilikuwa gazeti la Kifaransa. Jina lake lilimtaja mwenye enzi kuu, na katika nadharia ya demokrasia mwenye enzi kuu ni raia. Lakini raia wengi wa Kivu ya Kusini wanaamka, wanauza, wanashitakiana na kuombeana kwa Kiswahili na kwa lugha zao za nyumbani: Kimashi, Kifuliiru, Kilega, Kibembe na nyinginezo. Basi mwenye enzi aliyetajwa katika kichwa cha gazeti hakuwa ndiye aliyeweza kulisoma. Mfanyabiashara wa samaki wa Baraka angeweza kusemewa vizuri kabisa katika ukurasa wa tatu, naye asijue kwamba amesemewa.

Lawama hiyo isielekezwe kwa mhariri peke yake. Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi. Kiswahili, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba, kimetajwa katika Katiba ya 2006 kuwa lugha ya taifa. Waziri, hakimu na mfadhili husoma Kifaransa, na gazeti linalotaka kumtia hofu mkubwa lazima liandikwe katika lugha ambayo mkubwa huyo hawezi kudai kwamba haimhusu. Kwa maana hiyo Kifaransa kilikuwa silaha. Swali linalobaki ni nani aliyebaki upande wa nyuma wa silaha hiyo, asione inaelekezwa wapi.

4.0 Wanawake wa redio na kazi ya kutafuta neno

Kipimo cha pili kinatuelekeza kwa kundi jingine. Mwaka 2003 wanahabari wanawake wa Kivu ya Kusini, wakiongozwa na Chouchou Namegabe, waliunda chama kijulikanacho kwa kifupi cha Kifaransa AFEM. Wengi wao walitoka katika redio. Namegabe alilelewa kikazi na Radio Maendeleo, iliyoanza Bukavu mwaka 1993 na kufungwa zaidi ya mara moja wakati wa utawala wa RCD. Miongoni mwa waliojiunga na chama hicho alikuwamo Caddy Adzuba wa Radio Okapi, ambaye mwaka 2014 alipata tuzo ya Asturias nchini Hispania. Kazi yao kubwa ilikuwa kukusanya shuhuda za wanawake waliobakwa vitani na kuzitangaza. Mwaka 2009 Namegabe alizipeleka shuhuda hizo mpaka mbele ya Baraza la Seneti la Marekani.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuzingatiwa ni kwamba kazi hiyo ilianza na tatizo la msamiati. Mwandishi wa gazeti la Kifaransa alikuwa na neno moja la kisheria, fupi na kavu. Mtangazaji wa Kiswahili alikuwa na maneno mengi, na kila moja lilikuwa na kasoro. Kunajisi ni neno la vitabu vya dini, lenye mzizi wa Kiarabu unaomaanisha uchafu. Anayesema kwamba mama fulani amenajisiwa amekwisha kutangaza, hata bila kukusudia, kwamba mama huyo sasa ni mchafu. Kuharibu humfanya mwanamke kuwa chombo kilichovunjika, na kinachotathminiwa hapo ni bei yake kwa mume au kwa wazazi. Kuchukuliwa kwa nguvu ni usemi wa adabu, lakini adabu hiyo hufunika tendo lenyewe. Tena kauli ya kutendwa katika Kiswahili hairuhusu tu bali hupendelea kumwacha mtenda bila kutajwa. Alichukuliwa, aliharibiwa, alinajisiwa: katika sentensi zote tatu mwanamke yupo na mwanajeshi hayupo.

Watangazaji wa Kivu walichukua neno ubakaji kutoka Kiswahili cha Tanzania. Huko neno hilo lilikuwa limezoeleka magazetini na mahakamani, hasa wakati wa mjadala uliozaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ambayo TAMWA walikuwa miongoni mwa walioipigania. Kimuundo, neno hilo lina faida iliyo wazi. Kutokana na kitenzi kubaka hupatikana ubakaji, jina la tendo, na mbakaji, jina la mtenda. Mtenda anapata ngeli yake, umoja wake na wingi wake. Anaweza kuhesabiwa, kushitakiwa na kufungwa. Aibu iliyokuwa imefungwa katika mwili wa mwanamke kwa kitenzi kunajisi inahamishwa na sarufi na kumwangukia anayestahili.

Hali kadhalika kwa jina la aliyetendewa. Mhanga, katika maana yake ya asili, ni kitu kinachotolewa sadaka, hakina usemi. Manusura ana uhusiano na kunusuru, na humtaja mtu aliyeokoka na ambaye bado anaweza kusema. Mtangazaji anayechagua baina ya maneno hayo mawili anafanya kazi ya mhariri kwa ukamilifu wake, ingawa hana ukurasa, na ingawa orodha za watangulizi wa magazeti hazimtaji.

5.0 Fizi na Baraka

Hoja hizi zinapata uzito zinapopelekwa mahali maalumu. Wilaya ya Fizi iko kusini mwa Uvira. Mji wa Baraka umekaa mwambaoni, karibu na rasi ya Ubwari, na Fizi yenyewe iko juu milimani. Ni nchi ya Wabembe, lakini Kiswahili kimekuwa lugha ya soko na ya ziwa tangu siku za misafara ya karne ya 19. Hata jina Baraka ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha watu wengi wa eneo hilo mpaka Kigoma, wakaishi katika kambi kama Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia mwaka 2005, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliwarudisha wengi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Waliorudi walikuwa wameishi miaka kadhaa katika nchi ambayo polisi, hospitali, mahakama ya mwanzo na gazeti hutumia Kiswahili. Kwa watu hao ubakaji halikuwa neno geni lililoletwa na redio ya Bukavu. Walikuwa wamelikuta ng'ambo ya ziwa, na sasa wakalikuta nyumbani.

Tarehe 1 Januari 2011 wanajeshi wa serikali waliushambulia mji wa Fizi na kubaka wanawake wengi. Katika mwezi wa Februari mahakama ya kijeshi ya kuhamahama ilifanya kikao Baraka, na tarehe 21 ya mwezi huo kamanda wao, mwenye cheo cha luteni kanali, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Ilisomwa Kinshasa, Paris, London na New York.

Hapa ndipo vipimo viwili vinapokutana na kuonyesha pengo. Wanawake wa Fizi walipanda kizimbani kama mashahidi. Maneno yao, yaliyotamkwa kwa lugha wanazozijua, yaliingia katika kumbukumbu za mahakama na katika magazeti kwa Kifaransa na Kiingereza. Redio ziliirudisha habari hiyo kwao kwa Kiswahili, lakini matangazo hupita na upepo. Mjukuu wa mmoja wa wanawake hao, akitaka kusoma kilichotendeka Fizi siku ya mwaka mpya wa 2011, atakisoma katika lugha ambayo bibi yake hakukisemea. Hana gazeti la Kiswahili la mkoa wake litakalomweleza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na ushahidi ni mali, pengine mali kubwa kuliko zote ambazo wanawake hao walizitoa kwa nchi yao.

6.0 Pingamizi mbili

Huenda ikasemwa kwamba gazeti la Kiswahili katika Fizi lisingepata wasomaji. Pingamizi hili halina nguvu. Katika makanisa ya mwambao wote Biblia, vitabu vya nyimbo na katekisimu za Kiswahili zinasomwa kila wiki na watu ambao hawajafika sekondari. Msomaji wa Kiswahili yupo. Ambacho hakijakuwapo ni maandishi ya dunia hii yanayomjia kwa lugha hiyo. Gharama za uchapaji, ubovu wa barabara na umaskini wa wanunuzi ni sababu za kweli, lakini zinalibana gazeti la Kifaransa pia.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Yaweza kudaiwa kwamba kuwaingiza wanawake wa redio katika historia ya magazeti ni kuchanganya mambo, kwa kuwa kila chombo kina kanuni zake. Ni kweli kwamba redio haina kichwa cha habari wala safu ya barua. Lakini taarifa ya redio huandikwa kabla ya kusomwa. Mtangazaji huwa na karatasi mbele yake. Huteua neno, hulifuta, huteua jingine. Karatasi hizo ni maandishi ya habari ya Kiswahili yaliyoandikwa na wanawake wa Kivu, tena katika kipindi ambacho magazeti ya mkoa yaliandikwa kwa Kifaransa. Anayeandika historia ya uandishi wa habari wa Kiswahili katika Kongo na kuziacha nje, atakuwa ameandika historia ya mashine za kuchapa.

Zaidi ya hayo, kumtenganisha Solange Lusiku na wanawake hao ni kuukata mti na kuisifu kivuli chake. Yeye mwenyewe alitoka redioni. Ujasiri alioupeleka gazetini ulifundishwa katika studio, mbele ya wasikilizaji wanaojibu kwa Kiswahili. Uhariri wake na kazi ya AFEM ni sehemu mbili za juhudi moja, na kila sehemu ilikosa kile ambacho nyingine ilikuwa nacho. Gazeti lilikuwa na kudumu bila kusikika kijijini. Redio ilisikika kijijini bila kudumu.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba sifa ya "mwanamke wa kwanza" ni ya lazima lakini haitoshi. Inamtendea haki mtu aliyefungua mlango, ila haituambii ni nani waliopita katika mlango huo na ni lugha gani iliyobaki nje. Solange Lusiku anastahili nafasi ya kwanza katika historia ya gazeti la kuchapwa la mashariki ya Kongo. Wanahabari wa AFEM wanastahili nafasi nyingine, ambayo bado haijapewa jina: ya kuwa waandishi waliokifanya Kiswahili cha Kivu kiweze kumtaja mtenda maovu kwa jina lake.

Idara za Kiswahili na za isimu zina wajibu hapa usioweza kuachiwa wanahistoria peke yao. Miswada ya matangazo ya Kiswahili iliyobaki katika makabati ya redio za Bukavu, Uvira na Baraka ikusanywe, ipigwe chapa na kusomwa darasani, kama zinavyosomwa kurasa za Mambo Leo. Wanafunzi watokao Fizi wanafaa kupewa kazi hiyo kwanza, kwa kuwa wanazijua lugha zote mbili za mashahidi, Kibembe na Kiswahili, na wanaweza kuona mahali ambapo tafsiri ya Kifaransa ilipunguza au kuongeza neno. Karatasi huliwa na mchwa na unyevu wa ziwa, na waliozisoma hewani wanazeeka. Kazi ikicheleweshwa, kizazi kijacho kitasoma kwamba Kivu ilikuwa na mwanamke mmoja mhariri, kisha kikaamini kwamba wengine wote walinyamaza.